Ukumbi Kabla ya Santuri: Washabiki wa Roki, Bugi na Dansi katika Kariakoo na Katikati ya Jiji la Dar es Salaam, 1964–2014

Historia ya muziki wa mjini Dar es Salaam, kama ilivyoandikwa hadi sasa, imewafuata zaidi wahusika wawili: mwanamuziki na dola. Ranger (1975) aliifuata beni kutoka pwani hadi bara akaonyesha jinsi vyama vya ngoma vilivyobeba mashindano ya kijamii ya enzi ya ukoloni. Askew (2002) alilitazama jukwaa kama mahali ambapo taifa hujengwa na kujaribiwa mbele ya hadhira. Perullo (2011) alielekeza macho kwenye uchumi wa muziki baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Katika kazi hizi msikilizaji yumo, lakini huonekana kwa muda mfupi tu. Anapita mlangoni akilipa kiingilio, anacheza, anamtunza mwimbaji, kisha anatoweka katika maelezo. Mara nyingi huhesabiwa kuwa sehemu ya mandhari.

Insha hii inamrudisha msikilizaji huyo ndani ya ukumbi, kwa kuuliza swali moja lenye mipaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wa Dar es Salaam walikuwa na mapenzi ya muziki ya aina mbili yaliyokaribiana sana. Upande mmoja kulikuwa na roki na soul, iliyopigwa mchana wa Jumapili katika mikusanyiko iliyojulikana kama bugi. Upande wa pili kulikuwa na dansi la Kiswahili lililopigwa usiku katika kumbi za Kariakoo, Ilala na vitongoji vilivyofuata. Zana zilikuwa zilezile: gitaa za umeme, besi, drams, vinanda na ala za kupuliza. Nusu karne baadaye, dansi bado lina wafuasi wanaojulikana kwa majina ya bendi zao na wanaoweza kubishana usiku kucha juu ya nani alipiga solo katika wimbo gani. Roki ya Dar es Salaam, kwa upande wake, imerudi kusikika kwa sehemu kubwa kupitia kampuni ya santuri ya London. Tofauti hiyo ya hatima haiwezi kuelezwa kwa ubora wa muziki peke yake, na wala haielezwi vya kutosha kwa kuilaumu siasa ya utamaduni ya wakati ule.

Mji wa kanda tatu

Ni lazima kuanza na ardhi. Utawala wa Kiingereza uliugawa mji katika kanda tatu za majengo: Uzunguni mashariki, Uhindini katikati, na Kariakoo pamoja na Ilala kwa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja, kwa kisingizio cha afya ya mji. Jina Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wale wa Carrier Corps, waliowekwa pale. Eneo lililotengwa ili kuwaweka Waafrika mbali likawa ndilo kitovu cha ushabiki wa mji mzima.

Young Africans ilianzishwa 1935 na mpinzani wake, ambaye baadaye aliitwa Sunderland na tangu 1971 Simba, mwaka uliofuata. Dar es Salaam Jazz Band ilikwisha kuwapo tangu 1932. Western Jazz ilifuata 1944, ikiwa na mizizi kwa watu waliotoka Jimbo la Magharibi, na Kilwa Jazz ikaanza 1958 kwa watu wa kusini. Bendi hizi zilikuwa vyama kabla ya kuwa vikundi vya biashara. Zilikuwa na wanachama, viongozi, vyombo vilivyomilikiwa kwa pamoja, na watani. Mtu hakuchagua bendi kama anavyochagua kitambaa dukani. Alizaliwa karibu nayo, au alifika mjini akapokewa na watu wa kwao waliokuwa nayo. Ukaribu wa klabu za mpira na klabu za muziki katika mitaa ileile ulizaa namna moja ya kupenda. Kiswahili kinatofautisha vizuri mpenzi na shabiki: wa kwanza anaupenda muziki, wa pili amechukua upande. Kariakoo ilizalisha washabiki.

Mnazi Mmoja, palipokusudiwa kutenganisha, palijengwa ukumbi wa Arnautoglu katika miaka ya 1950, nao ukawa mahali ambapo watu wa pande zote mbili za uwanja waliweza kukutana kwa dansi. Ramani ya muziki wa Dar es Salaam baada ya Uhuru inaweza kusomwa kwa kuanzia hapo. Ukielekea baharini unakutana na hoteli na kumbi za mjini. Ukielekea magharibi unaingia katika kumbi za Kariakoo, na mbele zaidi Ilala, Magomeni na Kinondoni. Bugi liliegemea upande wa kwanza. Dansi la usiku liliegemea upande wa pili.

Bugi na hofu yake

Bugi lilikuwa la mchana, na saa hiyo ilikuwa na maana. Mwanafunzi wa sekondari au karani kijana aliyeishi kwa wazazi aliweza kutoka nyumbani baada ya chakula na kurudi kabla ya usiku kuingia. Bendi zilizopiga hapo, kama The Rifters, The Sparks na The Comets, zilijulikana zaidi kwa uhodari wa kunakili nyimbo za Marekani na Uingereza kuliko kwa tungo zao. Mwanamuziki John Kitime, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiandika kumbukumbu za muziki huu kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, amelipa bugi nafasi ambayo wanazuoni wengi hawakulipa. Ni jambo la kutafakari kwamba historia hiyo ilihifadhiwa na mpiga gitaa kabla ya kuhifadhiwa na idara yoyote ya historia.

Msikilizaji wa bugi alikuwa na kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Alikuja akiwa ameusikia wimbo redioni au kwenye santuri ya mtu aliyesafiri, akaja kupima kama bendi imeupata. Kipimo chake kilikuwa usahihi: je, mpiga gitaa ameifikia ile sauti ya kukwaruza, mpiga kinanda ameingia pale panapostahili? Huu ni usikivu wa makini, hata kama wakosoaji wake waliuita uigaji mtupu.

Na wakosoaji walikuwepo. Katika hotuba yake ya Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alikwisha kuwasuta Waafrika waliojivunia kucheza ngoma za Wazungu huku wakizisahau za kwao, na akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo uongozi wa mkoa ukapiga marufuku muziki wa soul katika Dar es Salaam. Ivaska (2011) ameonyesha jinsi kampeni za aina hii zilivyozusha mabishano makali mjini, na kwamba mabishano hayo yalihusu pia jinsia, kazi na nani mwenye haki ya kuwa mtu wa mji. Marufuku ya soul ilikuwa na mkanganyiko wa pekee. Muziki uliokatazwa kwa jina la Uafrika ulikuwa umetungwa na watu weusi wa Marekani, ambao ukombozi wao ulikuwa ukiungwa mkono hadharani na dola hilohilo.

Hata hivyo, kuichukulia marufuku kuwa ndiyo iliyoua roki ya Dar es Salaam ni kosa la tarehe. Kazi zake nzito zaidi zilikuja baada ya 1969.

Roki iliyosema Kiswahili

Sunburst ilikuwa bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya mwanzo ya 1970, na muziki wake ni roki ya Kiafrika kwa maana kamili: gitaa lenye sauti iliyokorogwa, kinanda, midundo ya ngoma, na maneno ambayo hayakujifungia katika Kiingereza. Rekodi zake zinazofahamika ni za 1973 hadi 1976. Albamu yake, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976, na si Tanzania. Hapo ndipo penye uzito. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zake zilitegemea Nairobi. Zambia ilikuwa na kampuni za santuri na kizazi kizima cha vijana wa roki, wakiwemo WITCH na Musi-O-Tunya, ambao soko lao lilitokana na mishahara ya ukanda wa shaba. Bendi ya Dar es Salaam ilipotaka kutoa santuri ndefu ilibidi iutafute ukanda huo. Kwa hiyo mshabiki wa Sunburst aliyekuwa Kariakoo aliijua bendi yake kwa kuiona ikipiga, wakati kitu cha kushika mkononi kilikuwa kinauzwa nchi nyingine.

Patrick Balisidya na Afro 70 walitembea njia tofauti. Bendi hiyo iliyoanzishwa 1970 ilitoka katika kizazi cha bugi ikaandika nyimbo za Kiswahili zilizokubalika kwa wapenzi wa dansi, nayo ikaiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977. Miaka miwili baadaye ilitoka nchini Uswidi santuri iitwayo Bado Kidogo, kazi ya pamoja ya Afro 70 na kundi la Kiswidi la Archimedes Badkar. Hii ndiyo mara ambapo muziki wa Dar es Salaam ulikutana ana kwa ana na roki endelevu ya Ulaya, au angalau na tawi lake la Kiswidi, na haistahili kubaki tanbihi ya wakusanyaji wa santuri.

Ni muhimu kueleza tawi hilo. Uingereza, roki endelevu ilikuwa suala la umbo: makundi kama King Crimson, Yes na Genesis yalitanua wimbo hadi kujaza upande mzima wa santuri, yakabadilisha mapigo katikati, yakaazima kutoka muziki wa kale wa Ulaya. Uswidi, neno hilohilo lilibeba siasa. Wanamuziki wa vuguvugu lile walipinga kampuni kubwa, wakaunda lebo za ushirika kama MNW, wakawa na masikio kwa muziki wa Afrika na Asia. Uswidi ilikuwa pia miongoni mwa wafadhili wakubwa wa Tanzania ya Ujamaa. Kwa hiyo neno “maendeleo” lilikuwa linasemwa pande zote mbili za ushirikiano huu, kwa maana ambazo zilishikana kwa sehemu tu. Kwa Mswidi, muziki wa maendeleo ulikuwa ule unaoikataa biashara. Kwa mwanamuziki wa Dar es Salaam, ambaye biashara yenyewe alikuwa hajaipata, maendeleo yangekuwa kipaza sauti kizuri na gitaa lake mwenyewe. Aliyenufaika kidogo zaidi ni mshabiki wa nyumbani. Santuri ilikuwa Stockholm. Fedha za kigeni za kuiagiza hazikuwepo.

Wimbo mrefu na santuri fupi

Ulinganisho wa roki endelevu na dansi la Kiswahili una manufaa kuliko unavyoonekana kwanza, kwa sababu muziki wote wawili uliishi kwa urefu. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980 una sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni ya taratibu: kisa kinasimuliwa, beti zinapokezana na kiitikio, gitaa la solo na lile la rithimu yanazungumza chini ya sauti ya mwimbaji. Ya pili ni chemko, ambapo mwendo hupanda, maneno hupungua, gitaa na tarumbeta na “mdomo wa bata”, kama washabiki wanavyoliita saksafoni, hushika usukani na wachezaji hujaa sakafuni. Msikilizaji aliyekuja kwa ajili ya kisa na aliyekuja kwa ajili ya kucheza wanahudumiwa na wimbo mmoja, kwa zamu.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haikuwa na nafasi ya umbo hilo. Upande mmoja ulitosha dakika chache tu, na watayarishaji walizoea kuukata wimbo katika sehemu ya kwanza na ya pili. Kisa kilibaki upande mmoja. Chemko likahamia upande wa pili. Mshabiki aliyekuwa na santuri nyumbani alilazimika kusimama na kuigeuza pale hasa ambapo ukumbini angekuwa anainuka kwenda kucheza. Nchini Uingereza tatizo hili lilitatuliwa kwa santuri ndefu. Wimbo wa Queen wa 1975, Bohemian Rhapsody, uliokaribia dakika sita, ulihesabiwa kuwa mrefu kupita kiasi kwa santuri ndogo, na mtunzi wake alikuwa mzaliwa wa Unguja aliyeondoka na wazazi wake mwaka 1964. Katika Dar es Salaam ya wakati huo wimbo wa dakika saba au nane ulikuwa jambo la kawaida redioni. Haikuwa kwa sababu ya ujasiri wa kisanaa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwenye kanda, kwa mkupuo mmoja, ikatangaza kilichorekodiwa, na haikuwa na santuri ya kuuza.

Mfumo huu ulimpa msikilizaji wa ukumbini mamlaka ambayo mwenzake wa London hakuwa nayo. Wimbo mpya ulianza kupigwa ukumbini. Ukiwa haukuitikiwa, ulirekebishwa au uliachwa. Ulipofika studio ya redio ulikuwa umekwisha kupita katika masikio ya washabiki kwa wiki kadhaa. Kilichotangazwa kwa taifa kilikuwa nakala ya kitu ambacho Kariakoo na Ilala walikwisha kukipitisha. Kwa mpenzi wa roki wa Ulaya, onyesho la jukwaani lilipimwa kwa santuri iliyotangulia. Kwa mpenzi wa dansi, rekodi ndiyo iliyopimwa kwa onyesho, na mara nyingi ilionekana imepungukiwa.

Vyombo vya nani?

Hapa ndipo hatima za bugi na dansi zilipoachana. Baada ya Azimio la Arusha, na zaidi baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kufungwa kwa mpaka wa Kenya na vita ya Uganda ya 1978–79, mtu binafsi alipata taabu kubwa kuagiza gitaa, spika, hata nyuzi. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, na ikabadilika jina kadiri chama kilivyobadilika: JUWATA, kisha OTTU, hadi washabiki wakaamua kuiita kwa jina ambalo hakuna mkutano wa chama ungeweza kulibadilisha, yaani Msondo Ngoma. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa na bendi, Shirika la Bima lilikuwa nayo, mabasi ya UDA yalikuwa nayo, Umoja wa Vijana, jeshi, polisi na magereza vilevile. Mwajiri alimlipa mwanamuziki mshahara, akamnunulia gitaa, na mara nyingi akampa ukumbi.

Bendi za bugi hazikuwa na mwajiri wa namna hiyo. Shirika la umma lingeweza kuitetea bendi inayoimba juu ya kazi, ndoa na maadili, lakini si rahisi kuona lingetetea vipi bajeti ya bendi inayonakili soul. Ndiyo maana maelezo ya kawaida husema dola lililea dansi na kuiachia roki ife. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Orchestra Maquis, iliyotoka Kongo na kufika Dar es Salaam mwaka 1972, haikuwa ya shirika la umma, na ilidumu. Orchestra Safari Sound ilikuwa ya mfanyabiashara, nayo ilitikisa mji katika miaka ya 1980. Hata The Revolutions, waliotoka katika muziki wa hoteli na wa vijana, walidumu kwa kupiga mfululizo katika hoteli na klabu, kisha wakageuka kuwa Kilimanjaro Band na kupata washabiki wapya kwa mtindo wa Njenje.

Kinachounganisha bendi zote zilizodumu ni makao. Maquis walikuwa na White House Ubungo, kisha Lang’ata Kinondoni. Safari Sound walikuwa na Kimara. Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978 na kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983, ilikuwa na ukumbi wa Mlimani wenyewe na baadaye ikategemea sana ukumbi wa DDC Kariakoo. Mshabiki hakuhitaji tangazo. Alijua kwamba siku fulani, mahali fulani, bendi yake itakuwepo, pamoja na watu wale aliobishana nao juma lililopita. Bugi lilikuwa na siku, lakini halikuwa na mahali pake. Lilikuwa mpangaji katika hoteli za watu wengine, na kizazi chake kilipoanza kazi na kuoa, hapakuwa na mlango wa kurudia.

Watani

Ushindani wa Msondo na Sikinde, jina la mtindo wa Mlimani Park, ni ushahidi bora wa nguvu ya makao. Mlimani Park ilianza 1978 kwa kuwachukua wanamuziki wa JUWATA, wakiwemo Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar, na ikampata pia Michael Enoch, ambaye jina lake lilikuwa limejengwa katika Dar es Salaam Jazz. Mwaka 1985 Gurumo na wenzake kadhaa walihamia Safari Sound. Baadaye akarudi Msondo. Hassan Rehani Bitchuka alihama na kurudi mara kadhaa kati ya pande hizi. Kwa mantiki ya kawaida, mashabiki wangehama pamoja na sauti waliyoipenda. Baadhi walihama. Wengi walibaki, wakamzomea jioni moja yule waliyekuwa wakimtunza mwaka uliotangulia, kisha wakampokea aliporudi kana kwamba alikuwa safarini. Mtu wa mpira anaielewa tabia hii bila kufafanuliwa. Anayeishangaa ni yule anayedhani kwamba mapenzi ya muziki ni mapenzi ya msanii.

Mtindo ulikuwa bendera ya uaminifu huo. Kila bendi ilikuwa na jina la mtindo wake: Western walikuwa na Saboso, Afro 70 na Afrosa, Vijana na Pambamoto. Majina mengi ya namna hii yalitoka katika ngoma za asili, na Sikinde na Msondo ni ngoma zinazojulikana kwa Wazaramo, wenyeji wa mji huu. Kwa jina hilo bendi ya gitaa za umeme ilidai ukoo, na mshabiki akapewa neno la kutamba nalo.

Kutunza nako kunahitaji kusomwa upya. Mshabiki anayekwenda jukwaani kwa mwendo wa kucheza na kuweka noti mkononi au katika paji la uso la mwimbaji hamlipi. Kiingilio alikwisha kulipa. Anatoa hukumu yake hadharani: mstari huu, solo hii, ndiyo. Katika miaka ya 1990 na baada yake desturi hiyo ilibadilika pale majina ya watu wenye fedha, mapedeshee, yalipoanza kutajwa ndani ya nyimbo. Wapenzi wa zamani walilalamika, na walikuwa na hoja. Tunzo lililokuwa hukumu juu ya wimbo lilikuwa limekuwa bei ya kutajwa.

Kanda, zilipendwa na waliobaki

Kaseti iliingia Kariakoo na kuibadilisha kazi ya msikilizaji. Mitaa iliyozunguka soko, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa Desemba 1975, ikawa kitovu cha kunakili na kuuza kanda kwa nchi nzima. Mwanamuziki hakupata kitu katika nakala hizo, na ulinzi wa maana wa kisheria ulichelewa hadi Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Marijani Rajabu, mtoto wa Kariakoo ambaye sauti yake katika Safari Trippers na Dar International ilijulikana Afrika Mashariki nzima, alifariki mwaka 1995 akiwa mtu wa kipato kidogo, huku kanda zake zikiuzwa mitaani alikokulia. Lakini kwa mtazamo wa uhifadhi, mnakili huyohuyo aliyemdhulumu mtunzi ndiye aliyetawanya nyimbo katika maelfu ya nyumba wakati asili zake zilikuwa kwenye rafu za redio. Hukumu ya kimaadili na hukumu ya kihistoria hazilazimiki kulingana hapa.

Redio binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya 1990, muziki huu ulipewa jina la zilipendwa. Kisarufi jina hilo ni la wakati uliopita, na lilitumiwa kwa nyimbo za bendi ambazo Jumapili ileile zilikuwa jukwaani. Ni vigumu kupata mfano mwingine ambapo muziki ulizikwa kwa kiambishi. Gurumo aliendelea kuimba na Msondo hadi alipostaafu mwaka 2013. Alifariki Aprili 2014, na kwa miongo mitano sauti yake ilikuwa imepatikana kwa kiingilio cha mlangoni.

Juhudi za kuziweka kanda za redio ya taifa katika mfumo wa dijiti zilianza mwanzoni mwa miaka ya 2010 kupitia mradi wa Tanzania Heritage, na mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikatoa upya rekodi kamili za Sunburst. Juhudi hizi zinaokoa sauti. Haziokoi kile ambacho kwa mujibu wa hoja ya insha hii ndicho kilichokuwa kipimo cha sauti hiyo, yaani wimbo kama ulivyopigwa ukumbini: chemko lilidumu muda gani, ubeti gani uliongezwa kwa ajili ya nani, lini wimbo ulikataliwa ukaachwa. Habari hizo hazimo kwenye kanda wala kwenye jalada la santuri. Zimo kwa waliokuwapo, na aliyekuwa na miaka 16 katika bugi la 1970 ametimiza miaka 70 mwaka 2024.